Andiko lako lifike mezani kwa muhariri

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya memba na wafadhili ku mukutano wa shirika. Komite iliomba tuyaandike, ili na wale hawakufika wayasome.



Munatuzoea kwa mambo ya mbegu, mashamba na AVEC. Leo tunaleta jambo jingine, na tunajua mama mumoja atauliza: "Maandishi yanaleta mihogo?" Mama, tutafika pale. Tunaomba tu mutege masikio.

Vijana wetu wengi walisomea mu kambi kule Tanzania, ku Lugufu na Nyarugusu. Darasani walifuata masomo ya Kongo kwa Kifaransa. Nje ya darasa walisema Kiswahili cha Kigoma. Walirudi na lugha zile zote kichwani, pamoja na lugha ya nyumbani, na mambo mengi ya kusema. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2005, meli zilipoanza kuvusha watu kutoka Kigoma kuja Baraka, habari za waliorudi zimeandikwa sana. Lakini nani aliziandika? Watu wa mashirika, mu ripoti. Wageni waliopita siku tatu. Mutu anapigwa picha, maneno yake yanafupishwa mistari minne, jina linabadilishwa, na yeye mwenyewe haoni hata ukurasa ule. Habari yako ikisemwa na mwengine kila siku, mwisho hata wewe unaanza kuisema kwa maneno yake.

Sasa vijana wameanza kuandika wao wenyewe ku simu. Kilio chao ni kimoja: "Tuliweka hadithi ku intaneti, mwezi mzima umepita, hakuna aliyeiona." Ni juu ya kilio kile tunasema leo.

Kitu cha kwanza: milango ni mingi, na kila nyumba iko na mwenyewe.

Kuna nyumba zenye mulango wazi. Kila mutu anaingia na kuweka andiko lake, bila kumuomba mutu ruhusa. Wattpad, iliyoanza Kanada mwaka 2006, ni ya namna ile. Pale maandiko ni mengi kama dagaa ziwani. Wahariri wapo, lakini kazi yao ni kuchagua machache na kuyapandisha mbele ili watu wayaone. Kuweka andiko pale haiko kazi. Kazi ni lionekane.

Kuna nyumba zenye mulango wa kubisha. Unatuma, unangoja, muhariri anasoma, anasema ndiyo au hapana. Jalada, waliyoianzisha waandishi vijana wa Afrika mwaka 2013, ni mufano muzuri. Mwaka 2016 walichukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Gikuyu, wakaitafsiri kwa lugha nyingi za Afrika. Global Voices nao wanafanya kazi na waandishi wa kujitolea, na wako na ukurasa wa Kiswahili. Pale mwandishi anashirikiana na muhariri mupaka habari inyooke.

Na kuna nyumba za katikati. Tunataka kukaa kidogo ku moja, kwa sababu inatufaa sana sisi wenye watoto na shule zisizo na vitabu. Inaitwa African Storybook, ilifunguliwa mwaka 2014 na shirika la Afrika Kusini linaloitwa Saide. Ni hadithi za watoto zenye picha, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili ndani. Mutu anajiandikisha, anatunga hadithi yake ukurasa kwa ukurasa, na picha anazipata ku hifadhi yao, hata kama yeye hajui kuchora. Anaweza pia kutafsiri hadithi ya mwengine. Lakini angalieni vizuri: hadithi iliyowekwa na kila mutu ni kitu kimoja, na hadithi iliyopitiwa na wahariri ikapata alama yao ni kitu kingine. Mwalimu anayetafuta hadithi ya darasa lake anaanza na zile zenye alama. Ndio pale swali la leo linaingia: namna gani andiko la kijana wetu lifikie alama ile?

Ndugu, muhariri ni mutu kama sisi. Yuko na rundo mbele yake, yuko na masaa machache. Hatafuti sababu ya kukupenda. Anatafuta sababu ya kuweka andiko pembeni ili rundo lipungue. Basi tusimupe sababu ile bure.

Sababu ya kwanza ni kutosoma masharti. Wamesema maneno elfu mbili, wewe unatuma elfu sita. African Storybook wako na ngazi tano: ya kwanza ni ya maneno machache tu kwa mutoto anayeanza kusoma, ya tano ni ya hadithi ambayo mukubwa anamusomea mutoto. Ukiandika kwa ngazi ya kwanza sentensi ndefu kama barua ya Chefu, mutoto hatasoma, na muhariri anajua vile. Soma hadithi kumi za pale mbele ya kutuma yako moja. Mutu haingii ku matanga ya wengine akaanza kuimba bila kusikia kwanza wanaimba nini.

Sababu ya pili ni kunakili. Kuna mwenye kuchukua hadithi ya mwengine, anabadilisha majina, anasema ni yake. Muhariri anachukua sentensi moja anaitafuta ku intaneti, dakika moja tu, ameiona. Siku ile jina lako limekufa pale, na jina la shirika letu pamoja nalo kama ulilitaja. Hadithi za mashini nazo ni vile vile. Zinateleza vizuri, lakini hazina harufu ya mahali popote.

Hapa wazee watauliza: na hadithi za bibi zetu? Za sungura na chui? Zile hatukuzitunga sisi. Kweli kabisa, ni za wote. Lakini namna bibi yako alivyozisimulia, wimbo alioweka katikati, mutego unaofanana na ule wa kijiji chenu, vile haviko mu kitabu. Andika vile. Na uandike kwamba hadithi ulisimuliwa na nani, kama yeye mwenyewe anakubali. Ile ni heshima, na kwa muhariri ni dalili kwamba mutu huyu ni mukweli.

Sababu ya tatu, ndiyo kubwa, ni kuanza mbali. Tuchukue mufano, tunautunga sisi wenyewe hapa. Kijana anaandika: "Vita ni kitu kibaya sana ambacho kimeleta mateso mengi katika nchi yetu nzuri ya Kongo." Ni kweli, hakuna anayepinga. Lakini watu mia wameandika vile vile. Sasa huyu mwengine: "Tulikuta mulango wa nyumba yetu umepakwa rangi ya kijani. Baba akabisha, kama mugeni. Mutoto aliyefungua alimuuliza: Baba, unatafuta nani?" Munasikia? Hakuna neno vita pale, hakuna neno mateso. Lakini kila mutu aliyerudi, akakuta wengine ndani ya nyumba ao shamba lake, anajua kilicho nyuma ya mulango ule. Na musomaji wa Mombasa, asiyejua Fizi iko wapi, anataka kujua baba atajibu nini. Muhariri naye ni vile. Ataendelea kusoma.

Mu ripoti za mashirika tumezoea maneno kama "walengwa", "mazingira magumu", "kujengewa uwezo". Vijana wameyakamata, wanayaweka mu hadithi. Tafazali, yaacheni ku ofisi. Muhariri wa hadithi hatoi musaada. Hachagui mutu kwa sababu ameteseka kuliko wengine. Anachagua ukurasa unaosomeka. Ukimuandikia kama unaomba posho, atakuhurumia, kisha atapita. Na tuko na ruhusa ya kuandika vingine: mapenzi, mupira, mashua inayozima moteri katikati ya ziwa, mama mukwe mukali. Mutu aliyerudi haiko kurudi tu.

Kuhusu lugha: wengi wanaogopa kwamba Kiswahili chetu ni kibaya, kwamba wahariri wanataka cha Unguja. Tuseme ukweli. Maelezo ya hadithi, andika kwa Kiswahili ambacho mutu wa Dodoma na wa Bukavu wote watafahamu. Lakini watu wa hadithi wakisema, waache waseme kama wanavyosema sokoni Baraka. Usiwavalishe koti la mutu mwengine. Na musione haya juu ya lugha zetu. Richard Ali A Mutu wa Kinshasa anaandika riwaya kwa Lingala. Mwaka 2014 aliingia mu orodha ya Africa39, waandishi 39 wa Afrika wa chini ya miaka 40, na kitabu chake kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Lingala haikumuzuia.

Na muhariri akirudisha andiko na masahihisho, usikasirike. Andiko lililorudishwa na maswali liko karibu na mulango kuliko lile lililonyamaziwa. Jibu kila swali, badilisha kile unachokubali, eleza kwa upole kile unachokataa, rudisha kwa siku aliyosema. Wakisema hapana kabisa, andika aksanti, na upeleke andiko ku nyumba ingine.

Sasa tufike ku swali la mama: mihogo.

Tusidanganyane. Milango mingi kati ya ile tuliyoitaja hailipi. Mu African Storybook hadithi inatolewa kwa ruhusa ya wazi: kila mutu anaweza kuisoma, kuichapa na kuitafsiri bila kulipa, mradi jina lako linabaki. Kuna ruhusa ingine inakataza kuuza, na kuna ile inakubali hata kuuza. Soma ni ipi mbele ya kubonyeza, kwa sababu ukishatoa, haurudishi. Kwa hadithi ya watoto, faida tunaiona: mwalimu anaipakua mara moja, anaisoma darasani hata pasipo resó, watoto wetu wanapata hadithi bila franka moja. Lakini kama uko na riwaya unayotarajia kuuza kesho, usiiweke pale. Na mutu akikuambia ulipe dola kwanza ili hadithi yako "ipite", funga simu. Wahariri wengi wa kweli hawachukui feza kwa mwandishi ili wamusome.

Kuna jambo ingine zito kuliko feza. Kwetu, ugomvi wa shamba haujaisha, na watu wa silaha hawajaisha. Andiko likitoka ku intaneti, linasomwa na rafiki na adui. Kwa hiyo: usitaje jina la kweli la jirani unayegombana naye. Usionyeshe kijiji na siku ya tukio kama waliohusika bado wanapita pale. Usiweke picha ya mama aliyetendewa mabaya, hata kama amekubali leo. Kesho anaweza kujuta, na picha haitatoka tena. Unaweza kutumia jina la kalamu. Muhariri muzuri atakuelewa ukimueleza sababu. Wakimbizi wa Kakuma, Kenya, waliokuwa na gazeti lao KANERE tangu mwaka 2008, walionyesha kwamba mutu wa kambi anaweza kuwa muandishi wa habari, haiko tu mutu wa kuandikwa. Lakini ujasiri bila akili unaumiza wale uliotaka kuwatetea.

Tunamalizia na mambo tunayopendekeza kwa shirika.

Moja, meza ya wasomaji watatu. Kila andiko lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya watu watatu: kijana mumoja, mama mumoja, na muzee mumoja. Pale wanapoanza kupiga miayo, katika. Na muzee akisema "hili litatuletea shida," tusikilize.

Mbili, daftari moja. Andiko gani limetumwa wapi, siku gani, jibu gani. Tusitume andiko moja ku nyumba mbili zinazokataza vile.

Tatu, mega. Vijana waandike ku daftari nyumbani, kisha siku moja kwa juma tuwashe simu moja ya shirika, tutume yote pamoja. Ni mega chache kuliko kila mutu kivyake.

Nne, kwenu wafadhili. Munatuomba kila mwaka "habari za mafanikio". Tunaomba muongeze kitu kidogo: wakati kijana wetu anaandika habari ile, jina lake liwekwe kama mwandishi akitaka, na muandiko wake usikatwe bila kumuuliza. Haitawagharimu dola. Kwake yeye ni andiko la kwanza analoweza kumuonyesha muhariri na kusema: hili ni langu.

Mama, mihogo tutaendelea kulima. Lakini siku mutoto wako atasoma darasani hadithi ya mulango wa kijani, na chini yake jina la kijana wa hapa hapa, atajua kwamba watu wanaoandika vitabu hawatoki mbali. Mukutano ujao, kila kijana anayetaka alete ukurasa moja. Ukurasa tu. Meza ya wasomaji itakuwa tayari.