Siku za Kwanza za Kuacha Tembo
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka, Mtongwe)



Mmenitaka niseme juu ya kuacha ulevi. Nasema kama mtu aliyeacha mara nne, na zile tatu za kwanza hazikupita siku tano. Kila mara naliapa mbele ya watu, tena kwa sauti kubwa. Mara ya nne sikuapa. Nalibadili njia ya kurudi nyumbani.

Lakini kabla ya hayo liko jambo moja. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi asikate ghafula peke yake. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza kabla siku moja haijaisha. Katika siku mbili za mwanzo degedege laweza kumpata, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka na kuona visivyokuwapo. Hali hiyo huweza kuua. Huo si uchawi. Ubongo umezoea kutulizwa na pombe, na ikiondolewa mara moja hufurukuta. Daktari anazo dawa za kuutuliza, tena hutoa vitamini B1. Basi aende hospitali kwanza, wala asione haya.

Akisharudi, vita vyake ni vya jioni. Ashukapo feri Likoni ana uchovu mwilini na pengine mshahara mfukoni. Mnazi hugemwa asubuhi na jioni, basi tembo jipya, tamu, lamngoja njiani, na auzaye ni jirani yake. Mimi nalipokewa kivukoni na shemeji yangu, mtu mkali asiyependa mazungumzo. Twalitembea kimya jioni kumi na nne. Fedha nalimkabidhi mke wangu kabla sijavua viatu, nikala mapema. Ilipofika saa mbili usiku kiu ilikuwa imepungua.

Matanga na posa ni tabu zaidi, maana kwa jamaa zetu wengi wa Kimijikenda tembo ni heshima ya mgeni, na kukataa huonekana kiburi. Nalijifunza kuomba kazi: kuteka maji, kupanga viti, kugawa chakula. Mwenye sahani mikononi hatiliwi kikombe.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Dr Bob Smith, daktari mpasuaji, walevi wote wawili, waliona kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwafaa, nao wakahesabu siku moja moja. Hata daktari huyo alianguka tena baada ya kuanza, ndipo akaacha kabisa mwezi wa Juni mwaka ule ule. Nalipoyasikia hayo, zile mara zangu tatu ziliniuma kidogo tu.

Shemeji yangu amezeeka, magoti yamuuma. Kivukoni sasa nasimama mimi, kila jioni saa kumi na mbili, upande wa Likoni. Mwenye haja ya mtu wa kuandamana naye aniambie kabla hatujatawanyika, au amtume mtoto.