Cheti cha Kikundi si Cheti cha Udaktari

Maneno ya katibu wa kikundi cha kuwahudumia wagonjwa wa akili na walemavu, Nakivale, Uganda



Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kuunda vyama visivyo vya siasa wala vya faida. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inataka kikundi kama chetu kiandikishwe wilayani, kwetu Isingiro.

Lakini tuelewane. Cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa daktari. Muuguzi husajiliwa na baraza lake. Kazi yetu ni kumtafuta mgonjwa aliyefichwa ndani au kufungwa kamba, kumfikisha kituo cha afya, na kumkumbusha dawa zake. Asiye na leseni asitoe dawa.

Kwa nini basi tuhangaikie karatasi? Kwa sababu mwenye mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Nyinyi ni nani? Mkimdhuru ndugu yangu, nimshitaki nani?" Kikundi kilichoandikishwa kina katiba na viongozi wanaojulikana. Hapo anajua pa kwenda.

Wazee, mtu akibisha hodi kwa jina letu, mwombeni cheti kwanza.