Gereza Kwenye Sarafu

Ukinunua dagaa pale sokoni Musoma ukarudishiwa sarafu ya shilingi 100, huitia mfukoni bila kuitazama. Leo itazame. Upande mmoja wana swala pala. Upande wa pili yuko Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama.

Sarafu ni kumbukumbu inayotembea. Basi yafaa gereza la kale kuchorwa kwenye sarafu ya ukumbusho? Wengine watasema gereza ni aibu, tulifunike. Lakini Australia, ambako Waingereza walianza kupeleka wafungwa mwaka 1788, familia nyingi zilificha kwamba babu yao alikuwa mfungwa. Siku hizi wapo wanaojivunia. Mwaka 2010 UNESCO iliyatia maeneo 11 ya wafungwa hao katika orodha ya Urithi wa Dunia. Aibu ikitajwa hugeuka somo.

Je, sisi tungechora gereza gani? Wengi watakimbilia kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kiitwacho Kisiwa cha Magereza. Jumba lake lilijengwa miaka ya 1890 liwe gereza, lakini halikupata kufunga wafungwa. Likatumika kuwaweka karantini wagonjwa. Leo watalii huenda kutazama kobe wakubwa. Tukilichora hilo, tutakuwa tumechora kuta tupu.

Tunacho kisa kingine, nacho kiko karibu na nyumbani. Mwaka 1958 Mwalimu aliandika katika gazeti la Sauti ya TANU maneno yaliyowachoma maofisa wawili wa kikoloni. Akashtakiwa kwa kashfa, akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Uchaguzi wa kura tatu ulikuwa mlangoni. Faini ikalipwa, na mlango wa gereza haukufunguliwa.

Shilingi 3,000 leo ni sarafu 30 kama hiyo uliyoshika. Siku zile zilikuwa fedha nyingi, nazo zilikuwa bei ya kusema wazi.

Kwa hiyo, tukitaka sarafu ya kukumbuka gereza, tusichore kuta. Tuchore kalamu, na kando yake tarakimu 3,000. Mtoto akiuliza maana yake, mzazi atalazimika kumweleza kwamba neno lina gharama, na kwamba nchi inayomtoza mtu kwa kusema kweli hujitoza yenyewe.