Nani Anaangalia Anga la Jirani?

Mhadhara wa umma uliotolewa Kapseret, Eldoret



Nyote mmezoea mngurumo wa ndege za mizigo. Uwanja wetu wa ndege ulifunguliwa mwaka 1997, na njia yake ya kurukia ina urefu wa karibu kilomita 3.5. Tuko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na ndege iliyosheheni hulazimika kukimbia mwendo mrefu kabla ya kunyanyuka. Bidhaa nyingi zinazoshushwa hapa hutoka Ghuba. Chukueni ramani na rula, mchore mstari ulionyooka kutoka Dubai hadi Kapseret. Mstari huo utavuka Yemen na kupita karibu kabisa na Aden, utaingia kona ya kaskazini-magharibi ya Somalia, kisha Ethiopia, ndipo ufike kwetu. Katika miaka 15 iliyopita, kila moja ya nchi hizo tatu imepigana vita ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo suala la jioni hii linamhusu mwenye duka mjini Eldoret kama linavyomhusu rubani.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria ya usafiri wa anga duniani, unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Mwenye anga ndiye anayelifungua na ndiye anayelifunga. Wakati wa amani utaratibu huu hauna tatizo. Vita vikizuka, serikali inayotakiwa kufunga anga huwa imepoteza rada, au imepoteza mji wenyewe, au inaona kwamba kulifunga ni kukiri mbele ya dunia kuwa imeshindwa kulilinda. Tena huwa inahitaji ada zinazolipwa na ndege zinazopita. Tarehe 17 Julai 2014, Ukraine ilikuwa imefunga anga la mashariki mwa nchi hadi futi 32,000 tu. Ndege ya Malaysia, MH17, ilikuwa futi 33,000 ilipopigwa kwa kombora la Buk, na watu 298 wakafa. Siku hiyo hiyo, kabla ya anga kufungwa kabisa, ndege 160 za abiria zilikuwa zimepita juu ya eneo hilo. Marubani wa ndege hizo hawakuvunja kanuni yoyote.

Hoja yangu ni hii: anga la nchi iliyo vitani haliwezi kuachiwa nchi hiyo peke yake. Jirani anawajibika kulitazama, na jirani huyo aandaliwe mapema, kwa sheria, kwa fedha na kwa watu waliofunzwa. Silitoi hili hewani. Sisi Wakenya tumeshaifanya kazi hii, ingawa hatuisimulii.

Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, waongoza ndege wa Mogadishu walitawanyika na mitambo ikanyamaza. Ndege hazikuacha kupita. Njia za kutoka Ghuba na Bara Hindi kwenda kusini mwa Afrika, na za kutoka Ethiopia kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi, zinakatiza huko. Anga lisipokuwa na mwongozaji, marubani hujiongoza wenyewe kwa sauti. Barani Afrika wana masafa yao ya redio ya kazi hiyo, 126.9, na utaratibu wake unajulikana. Kabla ya kuingia katika anga lile, na kila anapokaribia mahali njia mbili zinapokutana, rubani anaita stesheni zote, anataja jina la safari yake, kimo alichopo, njia anayofuata na dakika atakayofika kwenye makutano. Kisha anasikiliza. Akimsikia mwenzake aliye kimo kile kile akielekea makutano yale yale, wanapatana wenyewe nani apande na nani ashuke. Redio ya mmoja ikiwa imetegwa kwingine, au lafudhi ikimpotea, hakuna mtu wa tatu wa kuwatenganisha. Usiku, mwendo wa kilomita 900 kwa saa.

Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la usafiri wa anga, ICAO, ulianzisha chombo cha muda cha kushikilia mamlaka ya anga la Somalia. Chombo hicho kiliwekwa Nairobi. Kwa miaka 21 rubani aliyekuwa juu ya Mogadishu alipata taarifa zake kutoka kwa Wasomali waliokaa Nairobi mbele ya redio. Ada za kupita angani ziliendelea kukusanywa, zikalipia huduma hiyo. Tarehe 28 Desemba 2017 kazi ilirudishwa Mogadishu. Tarehe 26 Januari 2023, anga la juu, kuanzia futi 24,500, lilirudishiwa daraja la A, yaani ndege zote zilizomo sasa zinaongozwa na kutenganishwa na mwongoza ndege, si kupewa taarifa tu. Mnaona ilivyochukua muda mrefu: zaidi ya miaka 30 tangu serikali ianguke. Naiheshimu kazi hiyo kuliko mikutano mingi ya amani tuliyoiandaa nchini humu. Ilitunza wataalamu, ilitunza fedha, na wenyewe walipokuwa tayari wakakabidhiwa chao.

Haikumaliza kila kitu. Ethiopia na Somaliland, eneo la kaskazini lililojitenga na Somalia, zilipotia saini makubaliano yao tarehe 1 Januari 2024, ugomvi wa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, na Mogadishu ulipanda hadi angani. Katika miezi iliyofuata marubani walipokea maagizo yanayopingana kwenye masafa mamoja, sauti moja ikisema panda, nyingine ikisema baki ulipo. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko ukimya. Penye ukimya rubani anajua yuko peke yake, hivyo anakuwa macho. Akisikia sauti ya mamlaka, amefunzwa kutii.

Sasa niwapeleke chini zaidi, karibu na ardhi, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tulikopoteza watu. Tarehe 4 Mei 2020, katikati ya janga la Uviko, ndege ndogo ya kampuni ya Kenya, African Express, ilikuwa ikipeleka vifaa vya tiba Bardale, kusini-magharibi mwa Somalia. Ilipokaribia kutua, askari wa Ethiopia waliokuwa wakilinda eneo hilo waliitungua. Watu 6 waliokuwamo walikufa. Jeshi la Ethiopia lilikiri kwamba askari wake walifyatua. Lilieleza kuwa hawakuwa wamearifiwa kuhusu safari hiyo, na kwamba ndege ilivyokuwa ikiruka chini waliidhania ya kujitoa mhanga. Askari hao hawakuwa chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika, kwa hiyo hata taarifa ambayo ingepita huko isingekuwa na njia ya uhakika ya kuwafikia.

Ndugu zangu, huo ni umbali wa simu moja. Ndege ilikuwa na kazi halali, njia ya kutua ipo, mchana kweupe, na aliyeshika silaha hakuwa adui. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kumjua rubani na kumjua pia kamanda wa kikosi, na kuhakikisha ratiba ya mmoja iko mkononi mwa mwingine. Kanuni za ICAO zinaagiza wanajeshi na waongoza ndege waratibu shughuli zote zinazoweza kuhatarisha ndege za kiraia. Bardale palikuwa na majeshi ya nchi zaidi ya moja na serikali changa. Nani amwite nani? Swali hilo lingalijibiwa kabla ya siku ile, watu wale wangerudi nyumbani.

Uzoefu wa kulijibu tunao hapa kwetu, Turkana. Kuanzia mwaka 1989 Lokichoggio ilikuwa kituo cha ndege za msaada zilizokwenda kusini mwa Sudan. Umoja wa Mataifa ulikuwa na makubaliano na Khartoum na vilevile na waasi wa SPLM. Orodha ya viwanja vya kutua ilipelekwa Khartoum, ikarudi vingine vimeruhusiwa na vingine vimekatazwa. Mfumo huo ulikuwa na ukatili wake: mwanzoni mwa 1998 Khartoum ilizuia ndege kwenda Bahr el Ghazal wakati njaa inaua watu. Hata hivyo kila upande wenye bunduki ulijua ni ndege gani inakuja, na wapi.

Vita vya Sudan vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vilitukuta hatujajiandaa tena. Risasi za kwanza zilifika uwanja wa Khartoum, na ndege ya abiria ya Saudia ikapigwa ikiwa bado chini, ikijiandaa kwenda Riyadh. Kituo cha Khartoum ndicho kilichokuwa kikiongoza pia anga la juu la Sudan Kusini, karibu miaka 12 baada ya uhuru wake. Njia za kwenda Ulaya zikazungushwa. Mzunguko maana yake mafuta, na mafuta ni uzito. Kilo zinazochukuliwa na mafuta hazichukuliwi na waridi la mkulima wa Uasin Gishu.

Na tusidhani sisi wenyewe tuko nje ya ramani hiyo. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili ya begani yalirushwa kuelekea ndege ya Arkia iliyokuwa imetoka tu kuruka Mombasa, yakaikosa. Baada ya shambulio la Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, Marekani iliwaonya marubani wake wawe waangalifu katika anga la Kenya mashariki ya longitudo ya nyuzi 40, chini ya futi 26,000. Siwalaumu kwa onyo hilo. Ninachodai ni kwamba msafiri wa Wajir au Lamu ana haki ya kupata onyo la namna hiyo kutoka kwa serikali yake, kwa lugha anayoielewa, kabla hajakata tiketi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na zote tatu zina vita au mabaki ya vita. Wakala wa Jumuiya wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, una makao yake Entebbe. Mpango wa kuunganisha anga la juu la nchi wanachama umejadiliwa kwa miaka. Napendekeza tusiusubiri. Kuwe na dawati la pamoja la anga la vita, liendeshwe saa 24, na chumba chake cha akiba kiwe hapa Kapseret. Jengo la uwanja wa ndege wa Nairobi lilipoungua tarehe 7 Agosti 2013, Eldoret ilikuwa miongoni mwa viwanja vilivyopokea ndege zilizogeuzwa. Nafasi tunayo, na vijana wa kufunzwa ndio hawa waliojaa ukumbini.

Kazi ya kwanza ya dawati hilo ningeipa Goma, mashariki mwa Kongo. Uwanja wake ulifungwa Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23 wanaoungwa mkono na Rwanda. Mwezi uliofuata Kongo ikazifungia ndege za Rwanda anga lake. Siku uwanja huo utakapofunguliwa, ndege za kwanza zitakuwa za dawa na chakula, na zitashuka katikati ya majeshi yasiyozungumza. Kabla ya rubani wa kwanza kuwasha injini, mwongoza ndege awe ameshapata namba ya simu ya kila kamanda aliye chini ya njia ile, awe ameipiga, na awe amesikia kwa masikio yake kwamba ratiba imefika kwa askari aliye kwenye mtutu.