Kabla ya Kuhamishia Hesabu za Biashara Kwenye Wingu

Hotuba ya afisa wa teknolojia wa kaunti kwa wafanyabiashara wadogo na viongozi wa SACCO



Wengi wenu mmefuatwa na mawakala wanaowataka mwache kompyuta ya ofisini na kuhamishia hesabu na orodha za wanachama kwenye wingu. Wingu hilo haliko angani. Ni kompyuta za kampuni fulani, ndani ya jumba lenye walinzi na umeme wa akiba, nanyi mnapanga nafasi humo kwa malipo ya kila mwezi.

Nianze na bei. Huduma nyingi hutozwa kwa dola. Januari 2024, dola ilipofika shilingi 160, ankara ya dola 50 ilikuwa shilingi 8,000. Miezi sita baadaye ankara hiyo hiyo ilikuwa karibu 6,500. Yaweza kupanda tena, kwa hivyo bajeti yenu iache nafasi. Ulizeni pia ada ya kutoka, kwani zipo kampuni zinazokutoza ukitaka kuondoa data yako. Lakini tuwe waungwana: kompyuta ya dukani nayo inakula umeme na fundi, na mwizi akivunja mlango usiku huondoka nayo pamoja na hesabu zote.

Sasa usalama. Kampuni hulinda jumba; ufunguo ni wako. Nimekutana na mwenye duka ambaye karani wake aliacha kazi, na miezi minne baadaye bado alikuwa akisoma mauzo ya kila siku kwenye simu yake. Hakuvunja chochote. Nywila ilikuwa moja, ya watu wote. Kila mfanyakazi awe na yake, akiondoka ifungwe siku hiyo hiyo, na muwashe uthibitisho wa hatua mbili. Hilo kwa kawaida halina malipo.

Tena wekeni nakala mahali pengine. Machi 2021 jumba la OVHcloud liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa papo hapo walipoteza vyote. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikadorora hapa kwetu. Diski moja ndani ya sefu ya ofisi ingewafaa siku kama hizo.

Na sheria? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuondolei jukumu kwa sababu umepanga kwa mwingine. Mkataba uwe wa maandishi. Data ya wanachama ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data.

Kwa maoni yangu, duka dogo lihamishe hesabu peke yake kwanza, lilipe miezi mitatu, ndipo liamue.

Nitakuwa hapa mpaka saa kumi. Mwenye mkataba wa wakala mfukoni aulete tuusome pamoja.