Skrini Imeharibika Baada ya Kuhamia Windows Mpya: Tuanzie Wapi?

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)

Tunazungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi. Tumelileta kwenu kwa sababu gharama zake huishia katika vitabu vyenu vya hesabu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na wengi wamelazimika kuzihamishia kompyuta zao Windows 11. Mara nyingi kazi hiyo huisha salama. Lakini ziko mashine ambazo baada ya hapo maandishi huwa makubwa na yenye ukungu, video hukatakata, na projekta ya darasa haitambuliwi tena. Ndipo mtu husema "kadi imekufa", na bajeti ya kompyuta mpya huanza kuandikwa. Tunawasihi, kalamu iwekwe chini kwanza.

Tazameni skrini mara tu mashine inapowashwa, kabla Windows haijaanza. Ikiwa nembo ya mtengenezaji inaonekana safi, bila mistari wala madoa ya rangi, basi ni vema kushuku draiva kabla ya kushuku kadi. Kadi ndiyo inayotengeneza picha; draiva ni programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya kadi na Windows. Wakati wa kuhama, mkalimani wa zamani huweza kukataliwa, na Windows ikamweka wa kwake anayejua maneno machache tu. Kwa huyo picha inapatikana, lakini kwa shida, na kwa kawaida skrini ya pili au projekta haikubali.

Kumtambua ni rahisi. Bofyeni alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagueni Device Manager, kisha fungueni mstari wa Display adapters. Mkikuta jina Microsoft Basic Display Adapter, mmempata. Mkifungua sifa zake na kutazama Hardware Ids, mtaona namba: VEN_10DE ni kadi ya NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Fundi anayewaambia kadi haijulikani ni ya nani aonyeshwe mstari huo.

Sasa draiva itoke wapi? Jaribuni kwanza Windows Update, pamoja na sehemu yake ya masasisho ya hiari. Ikishindikana, kwa kompyuta ya mkononi nendeni kwa mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, kama HP, Dell au Lenovo, kwa kuwa baadhi yao huirekebisha draiva ilingane na mashine zao. Kwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya kuchomeka, nendeni kwa mtengenezaji wa kadi. Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja tunazikataa kabisa. Mashine ya parokia ina majina ya waumini na hesabu za michango.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, bonyezeni kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo draiva huanzishwa upya. Kama bado, washeni mashine katika hali ya usalama, ambayo hutumia draiva ya msingi tu, muiondoe mpya iliyoleta matata. Aidha, Windows 11 hukubali kurudishwa ilikotoka ndani ya siku 10 za kwanza, mradi mafaili ya zamani hayajafutwa. Kwa hiyo msimruhusu mtu "kusafisha diski" katika siku hizo.

Hata hivyo, ziko kadi ambazo umri umezipita. Kadi za NVIDIA za ukoo wa Kepler, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, ziliacha kupata draiva mpya za kawaida mwaka 2021. Draiva yake ya mwisho ya Windows 10 huweza kukubali katika Windows 11, lakini hatutawaahidi. Mashine ya namna hiyo bado inaweza kuandika barua na kufundishia kwa kutumia Linux.

Kwenu wafadhili tuna ombi moja. Draiva moja ya NVIDIA huweza kuzidi megabaiti 500, na darasa lenye mashine kumi zikipakua kila moja peke yake humaliza bando la mwezi. Katika bajeti ya kompyuta tunaomba liwemo fungu dogo la intaneti na la flashi za kuhifadhia draiva. Na kwenu kamati: kabla mashine yoyote haijahamishwa, andikeni dxdiag katika kisanduku cha kutafutia, nakilini jina la kadi na toleo la draiva kwenye daftari la mali, na daftari hilo likae ofisini, si nyumbani kwa fundi.