Ukuaji wa Uwezo wa Kunyonya kwa Mtoto Njiti: Mada kwa Wahudumu wa Afya, Nduguti, Wilaya ya Mkalama

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, huja duniani akiwa na ujuzi wa kula, ila ujuzi huo u vipandevipande. Kijusi humeza maji ya uzazi na kunyonya kidole tangu kingali kichanga mno tumboni; kinachochelewa ni uratibu, yaani uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu bila tendo moja kuvuruga jingine. Kwa kuwa koo hupitisha hewa na maziwa pia, kila anayemeza husitisha pumzi kwa kitambo kifupi, na mtoto ambaye ubongo wake haujakomaa huchelewa kuirudisha, akapaliwa au midomo yake ikageuka bluu. Uratibu huo kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki ya 32 na ya 34, zikihesabiwa wiki za mimba pamoja na zile alizoishi baada ya kuzaliwa, kisha huimarika taratibu.

Hata hivyo, wiki hizo zisifanywe kizingiti. Uchunguzi wa Kerstin Hedberg Nyqvist huko Uppsala, Sweden, ulionyesha kuwa baadhi ya njiti hushika titi na kunyonya tangu wiki ya 29. Isitoshe, mahali ambapo tarehe ya hedhi ya mwisho haikumbukwi vizuri, hesabu ya wiki huwa ya kukisia, na uzito hauwezi kuziba pengo hilo: watoto wawili wa kilo 1.6 wanaweza kutofautiana kwa wiki nne, mmoja akiwa amedumaa tumboni lakini amekomaa kinywa, mwingine akiwa mchanga kwelikweli. Mizani ni rahisi kusoma kuliko mtoto, na pengine ndiyo maana huaminiwa kupita kiasi. Dalili zinazostahili kutazamwa ni mtoto kuamka mwenyewe, kupeleka mkono mdomoni, kugeuza kichwa akitafuta titi, na kupumua kwa utulivu.

Dalili hizo huonekana mapema zaidi mtoto akiwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, katika huduma ya kangaruu iliyoanzishwa na Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2021, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa takribani robo. Hapo kifuani mtoto anayelishwa kwa mrija, yaani mpira mwembamba ufikao tumboni, huweza kupewa titi lililokwisha kukamuliwa, akajizoeza kunyonya bila kuelemewa na maziwa. Mazoezi ya namna hii hufupisha safari ya kuuacha mrija.

Kikombe kidogo hufuata, kikiguswa tu mdomoni ili mtoto alambe kwa kasi yake; kumiminia ni kumpalia.

Haya yote yahitaji mama aliye karibu. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamewaongezea likizo waajiriwa waliojifungua njiti, lakini mkulima wa alizeti au vitunguu wa Mkalama hana mwajiri wa kumpa likizo. Kwake, ni ukoo unaopaswa kuelezwa wodini, mapema, kwa nini atakaa hospitali hadi mtoto amalize kila mlo kwa titi au kikombe na uzito uwe unapanda.